Usiiuze nyundo ya babu

Riruta, Nairobi
Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Sisi tu wazima, isipokuwa shosho, ambaye magoti yanamsumbua na hataki kusikia habari za daktari. Barua yako niliipata na nikaisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka. Ya pili nilifika pale uliposema kwetu ni "Nairobi ya nyuma, mahali jiji linapoishia", neno likanikwama kooni kama mwiba wa samaki. Halafu chini yake ukaandika kwamba vitu vya babu yako, aliyefanya kazi kwenye gangi ya kutunza reli, umeamua kuviuza kwa watu wa skrepu, na nyundo ikiwemo. Haya mawili kwangu ni jambo moja, ngoja nikueleze.

Reli ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Walipaita Maili 327, wakihesabu kutoka Mombasa. Mji haukuwepo, palikuwa tambarare ya kinamasi ambayo Wamaasai waliijua kwa maji yake baridi. Sasa rudi nyuma miaka tisa. Oktoba 1890 Lugard, yule Mwingereza wa kampuni ya IBEA, alikuwa tayari huku kwetu Dagoretti, akijenga ngome na kula kiapo cha urafiki na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu. Alikuja huku kwa sababu ya tumbo: misafara ya kwenda Uganda ilinunua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Urafiki haukudumu. Ngome iliteketezwa, nyingine ikajengwa Kabete mwaka 1891, na mwaka uliofuata Waiyaki alikamatwa, akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Leo magari yanapiga honi mchana kutwa kwenye barabara ya Waiyaki Way, iliyopewa jina lake, na sidhani kama mmoja kati ya abiria hamsini anajiuliza Waiyaki alikuwa nani.

Kwa hiyo sisi tulikuwa na ngome, kiapo na usaliti wakati katikati ya jiji ni vyura tu wanaolia. Na hata hao wajenzi wa reli hawakusimama pale kwa kupendezwa na mandhari. Mbele yao kulikuwa na mlima wetu, kutoka pale hadi Limuru, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kisha genge la kuteremkia bondeni, ambako mwanzoni mabehewa yalishushwa kwa kamba za chuma. Walihitaji mahali pa wazi pa kupanga mabehewa, kuweka akiba na karakana kabla ya kupanda. Ndiyo Nairobi hiyo. Sasa niambie, nani yuko nyuma ya nani?

Jumanne nilipanda treni ya asubuhi kutoka Kikuyu kuteremka mjini. Ilichelewa, bila shaka, na mtu wa tiketi alikuwa na hasira kama vile ni mimi niliyeichelewesha. Nilipata nafasi ya kusimama mlangoni. Treni yetu haina haraka. Njia ni ya geji ya mita moja, ina kona kama nyoka aliyekanyagwa, na kila kona mabehewa yanalia. Tulipoingia Kibera, nilimwona mama mmoja amekaa ukingoni na karai la mandazi. Aliposikia honi hakuinuka. Alivuta karai kidogo kwa mguu, akafunika mandazi kwa kitambaa, akangoja tupite, akafunua. Hakutazama hata gurudumu moja.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wenu, babu yako. Unakumbuka alivyokuwa akituambia kuhusu Wanubi, kwamba walikuwa pale tangu 1904, askari waliopewa msitu wakauita Kibra? Sisi tulidhani anatunga. Na unakumbuka 2008, vijana walipoing'oa reli pale pale, mizigo ya Uganda ikakwama? Alikaa kwenye kile kiti chake cha kamba siku nzima, hali chakula. Nilidhani anahofia vita. Nikamuuliza, akasema, "Mataruma yale niliyajua moja moja."

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza reli. Siku ile alitupeleka sisi wawili, wewe ulikuwa na kaptula ya shule yenye kiraka. Aligonga kwa nyundo, akainama. Iliyokaza ililia kama kengele, ikaenda mbali. Iliyolegea ilikohoa. Halafu akapangusa vumbi ubavuni mwa chuma, tukaona chapa ya kiwanda na mwaka, tarakimu ya mwisho imeliwa na kutu. Tulibishana juu ya tarakimu ile mpaka nyumbani. Wewe ulisema saba.

Na hiyo nyundo, swahiba, mpini wake una shimo dogo pale kidole gumba chake kilipokaa kwa miaka yote ile ya gangi. Mtu wa skrepu atakipima kichwa cha chuma tu. Mpini atautupa, au auchomee kuni za chai.

Sikatai maendeleo. Tangu 2019 ile reli pana ya kisasa inapita Ngong, imetoboa mlima badala ya kuuzunguka, na ni kazi ya ajabu. Lakini inatupita kando, nayo hii ya zamani ndiyo inayobeba watu wetu kila asubuhi.

Kama bei ndiyo shida, niambie wanakupa ngapi, nitaongeza mia mbili juu. Ukija Desemba usishukie steji. Panda treni ya jioni mjini, ushuke Dagoretti stesheni (siyo Kona wala Soko, usije ukapotea kwenu mwenyewe), nitakuwa nakungoja hapo. Njoo na nyundo. Ile tarakimu bado ninasema ni moja.

Ni mimi,
wa Riruta