KEBS ipime moshi wa pasi, si chupa ya dawa pekee

Mhariri,

Nimekuwa msusi kwa miaka 14, kwanza Kenyatta Market na sasa Umoja, na sijawahi kuliandikia gazeti. Leo naandika kwa sababu ya moshi.

Asiyeijua kazi yetu huona keratini, yaani kunyoosha nywele kwa dawa na pasi ya moto, kuwa huduma ya starehe. Mteja anaoshwa nywele, anapakwa dawa fungu kwa fungu, anakaushwa, kisha pasi inapitishwa mara sita au saba mpaka nywele zilale. Pasi yenyewe tunaiweka nyuzi 230. Ikigusa nywele zenye dawa, moshi mweupe unapanda na kumpiga usoni aliyeishika. Mteja amefunikwa taulo machoni, na baada ya saa tatu anaenda zake hadi miezi mitatu ipite. Sisi tunamkalisha mwingine.

Julai iliyopita, baridi ikiwa imetufungisha madirisha, tulikuwa na wateja wawili wa keratini kwa wakati mmoja. Macho yalitiririka machozi, koo likawasha kama nimemeza pilipili. Msaidizi wangu alijiziba pua kwa tishu. Tukawasha feni, nayo ikausukuma moshi wote kwa mama aliyekuwa akisukwa kwenye kona, mtoto wake mchanga akiwa mgongoni. Mtoto alikohoa hadi akatapika. Mama akatoka nje nywele zikiwa nusu, nami sikuwa na la kumwambia. Jioni niliichukua ile chupa nikaisoma neno kwa neno. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina fomaldehaidi.

Fomaldehaidi ni gesi. Ikiyeyushwa katika maji ndiyo ile fomalini ya mochari, inayozuia maiti isioze. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo hakuna shaka tena kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Hata bila kufika huko, inawasha macho, inachoma pua na kumbana kifua mwenye pumu. Ndani ya maji gesi hii hugeuka kuwa kitu kingine kiitwacho methilini glikoli, na mwenye kiwanda akiliandika jina hilo anaweza kuapa kwamba hakutia fomaldehaidi. Pasi ikiichoma dawa, gesi inatoka tena. Wakaguzi wa usalama kazini wa jimbo la Oregon, Marekani, waliliona jambo hili mwaka 2010. Walipima dawa ya saluni iliyodai kwamba haina fomaldehaidi, wakaikuta na wastani wa zaidi ya asilimia 8. Kanada wakati huo iliruhusu asilimia 0.2 tu katika vipodozi, tena ya kuzuia bidhaa isiharibike.

Wauzaji sasa wanatuambia tununue dawa za kizazi kipya, zenye asidi ya glioksiliki. Nilitaka sana kuwaamini. Lakini mwaka 2024 madaktari wa Ufaransa waliandika juu ya mwanamke wa miaka 26 aliyeumwa figo mara tatu, na kila mara alikuwa ametoka kunyooshwa nywele saluni kwa krimu yenye asidi hiyo. Mara zote alihisi ngozi ya kichwa ikiungua. Waliipaka krimu hiyo migongoni mwa panya, na figo za panya zikajaa chembechembe za oksaleti, ambayo mwili huitengeneza kutokana na asidi hiyo. Yaani dawa ilipita kwenye ngozi ikaenda hadi kwenye figo. Mimi niliipaka kwa mikono mitupu.

Hata ningetaka kusoma viambato, mara nyingi sina cha kusoma. Chupa ya lita ni ghali, kwa hivyo wengi wetu tunapimiwa kidogo kidogo mjini, dawa inamiminwa katika chupa ya maji ya kunywa na muuzaji anaandika "keratini" kwa kalamu ya wino. Nimenunua hivyo miaka mingi na nimewapaka watu vichwani.

Naiomba KEBS, shirika la kukagua ubora wa bidhaa nchini, mambo mawili. Kwanza, dawa ya kunyoosha nywele isiuzwe bila orodha kamili ya viambato, na huu uuzaji wa kumimina ukome. Pili, ikipimwa katika maabara, ipimwe ikiwa imechomwa kwa joto la pasi tunalotumia, kwa sababu sumu tunayoivuta hutokea hapo. Nchi hii ilipiga marufuku krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki na haidrokwinoni, kwa hivyo uwezo upo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari na kulindwa afya yake. Nasi tunaoshika pasi tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, ila katika miaka yangu 14 sijamwona mkaguzi hata mmoja akiingia saluni kuuliza hewa inatokea wapi.

Wenye saluni nao watoboe ukuta waweke feni ya kuvuta moshi nje. Feni ya mezani inauzungusha tu.

Msaidizi wangu sasa ana mimba ya miezi mitano. Nimemwondoa kwenye keratini, anasuka tu, na kamisheni yake imeshuka. Nilidhani nimemlinda, lakini chumba chetu ni kimoja, na kutoka kiti chake hadi kiti cha pasi ni hatua nne.

Msusi,
Umoja, Nairobi