Barua kwa wanafunzi wa hisabati mnaoomba nafasi za utafiti

Wanangu,

Mmeniletea barua 14 za maelezo binafsi nizipitie kabla hamjazituma, na 11 kati yake zinaanza hivi: "Tangu utotoni nimependa hisabati." Moja bado ina jina la chuo kingine. Nimeudhika, na sitawaficha.

Kupenda hisabati si habari. Nani aombe nafasi hiyo asiipende? Profesa mwenye rundo la maombi mezani anataka kujua hili: huyu akikaa na swali moja wiki nane au kumi, swali lisilo na jibu mwisho wa kitabu, atafanya nini? Alama zako keshaziona. Kozi ulizosoma zimo kwenye matokeo yako. Mbona unamsimulia tena?

Barua moja tu ilinishika. Mwenyewe ameeleza kwamba alifundishwa kuwa katika watu sita, lazima wapatikane watatu wanaofahamiana wote au watatu wasiojuana kabisa. Akajiuliza, kwa nini si watano? Akawaketisha watano duara, kila mmoja akiwajua majirani zake wawili basi, na kanuni ikavunjika. Akaendelea: tukitaka wanne badala ya watatu, je? Akathibitisha kwamba watu 20 wanatosha, kisha akahangaika majuma matatu kuwapunguza, akashindwa. Jibu ni 18. Hakulifikia, na ameandika waziwazi pale alipokwama na kwa nini.

Halafu pembeni ameniuliza: "Mwalimu, niifute aya hii? Inaonyesha nimeshindwa." Nilisikitika. Hapo kosa si lake, ni letu sisi walimu. Tumewalea watoto kwa alama ya vema na ya kosa, tukawafundisha kuficha karatasi ya majaribio, na karatasi hiyo ndiyo hasa utafiti unaoombewa nafasi.

Mwaka 1913 Ramanujan, kijana wa Kihindi aliyejisomea hisabati mwenyewe, alimwandikia Hardy, mwanahisabati mashuhuri kule Cambridge, Uingereza. Alijitambulisha kuwa karani wa ofisi ya bandari Madras, mshahara pauni 20 kwa mwaka, hana elimu ya chuo kikuu. Kisha akajaza kurasa za fomula. Siwaambii muwe Ramanujan, jamani. Tazameni tu jinsi alivyogawa nafasi: sifa kidogo, kazi tele.

Mengine mnayajua. Someni kazi za wasimamizi wa programu mnayoomba, mtaje swali lao moja linalowavuta. Waombeni mapema walimu watakaowaandikia mapendekezo. Nafasi za Marekani zinazolipiwa na NSF, shirika la serikali yao linalofadhili sayansi, huwa ni za raia na wakazi wa kudumu, basi someni masharti kabla ya kukesha. Msizidishe urefu uliowekwa. Na ile barua laini iliyoandikwa na mashine, isiyo na kosa wala mtu ndani yake, nimeitambua; mwenyewe anajijua.

Wewe wa watu 20, usifute kitu. Ila rudi kwenye hatua yako ya kwanza: ulihesabu 10 mahali ambapo 9 wanatosha. Tengeneza hapo, kisha niletee tena.

Mwalimu wenu mzee