Barua ya wazi kwa Jenerali Burhan: wapeni wachunguzi viza

Mheshimiwa Jenerali Abdel Fattah al-Burhan,
Mwenyekiti wa Baraza la Utawala wa Mpito, Sudan

Mheshimiwa,

Oktoba 2023 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliunda tume ya kuchunguza uhalifu wa vita vya Sudan. Serikali yako imeikatalia kuingia. Wajumbe wake wakaenda Chad kuwasikiliza wananchi wako walioko ukimbizini. Mkimbizi husimulia alichokiona, lakini hawezi kuvuka mpaka na kaburi la halaiki wala daftari la wagonjwa la hospitali iliyopigwa mabomu. Ushahidi huo uko kwako, na kila msimu wa mvua unaufuta.

Hofu ya wageni wanaokuja na hukumu mfukoni naielewa, Afrika tumewaona. Lakini mwenyekiti wa tume hii ni Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, aliyewahi kuongoza mashtaka katika mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Tena tume haimfungi mtu. Inakusanya ushahidi.

Wewe mwenyewe umeieleza dunia ukatili wa RSF, kikosi cha wanamgambo kinachopigana na jeshi lako. Watu wa kabila la Wamasalit waliouawa El Geneina, Darfur, mwaka 2023, na watu wa El Fasher, pia Darfur, mji ulipoanguka mikononi mwa RSF Oktoba 2025, wanastahili ushahidi ambao mahakama yoyote itaupokea. Kwa nini basi umzuie anayeweza kuuandaa?

Najua ripoti ya Septemba 2024 ilizituhumu pande zote mbili, pamoja na mashambulizi ya anga ya jeshi lako. Hapo ndipo penye uzito. Jeshi liliporudi Wad Madani Januari 2025, wakazi wa kanabi, vijiji vya vibarua wa mashamba ya Gezira, waliuawa, na wewe ukaunda kamati ya uchunguzi. Wafiwa wataiaminije kamati iliyoundwa na mkuu wa jeshi linalotuhumiwa?

Sikudai Darfur, kwa kuwa haimo mikononi mwako. Khartoum na Wad Madani zimo. Toa viza kwa miji hiyo miwili. Waache wachunguzi wakutane na mashahidi pasipo afisa usalama chumbani, na uahidi kwa maandishi kwamba hakuna shahidi atakayekamatwa baada ya wao kuondoka.

Wako katika kuitakia Sudan haki,
Msomaji wa Afrika Mashariki