Wito wa Harambee: Matangi ya Maji ya Mvua kwa Watu wa Shyamnagar

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, akina mama, na vijana wote wa jumuiya yetu ya Waswahili hapa mashariki mwa London. Mnakumbuka tulipofiwa na mama yetu wakati wa baridi. Siku tatu mfululizo majirani zetu Wabengali walileta masufuria ya wali na dengu, wakakaa nasi matangani, wakaosha na vyombo. Mmoja wao, mzee tunayesali naye safu moja kila Ijumaa, kwao ni Shyamnagar. Wabengali wengi wa mtaani kwetu asili yao ni Sylhet, huko kaskazini-mashariki. Yeye ametoka kona ya kusini-magharibi, ambako Bangladesh inakutana na India na bahari. Tulipomuuliza kwao kunahitajika nini, alijibu kwa neno moja: pani. Maji.

Shyamnagar ni upazila, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya, tuseme kama tarafa, ndani ya wilaya ya Satkhira. Kwa eneo ndiyo upazila kubwa kuliko zote nchini, karibu kilomita za mraba 1,968, ingawa sehemu kubwa ni Sundarbans, msitu wa mikoko wa chui milia. Sensa ya 2011 ilihesabu zaidi ya watu laki tatu. Wengi ni Waislamu, wapo Wahindu wengi, na wapo Wamunda, ambao wazee wao waliletwa enzi za Waingereza kufyeka msitu ili pawe mashamba. Wanaishi kwa mpunga, kaa, samaki, na majani ya golpata ya kuezekea nyumba. Kuanzia Aprili warina asali huchukua vibali vyao na kuingia msituni kwa mashua, na kabla ya kuingia Muislamu na Mhindu kwa pamoja humtaja Bonbibi, bibi wa msitu, awalinde. Wengine hawarudi. Wajane wa walioliwa na chui hutengwa, huambiwa nuksi yao ndiyo iliyowaua waume zao.

Sasa sikilizeni habari ya maji yenyewe. Miaka ya 1960 serikali ilijenga matuta ya udongo kuzunguka ardhi ili maji ya bahari yasiingie mashambani. Mpunga ulistawi. Lakini tope la mto, ambalo zamani lilisambaa na kuinua ardhi kila mafuriko, likabaki nje ya tuta na kujaza mkondo. Leo mahali pengi bamvua likija mto unakuwa juu kuliko mashamba. Kisha, kuanzia miaka ya 1980, ikaja biashara ya kufuga kamba wa kuliwa kwenye mabwawa ya maji ya chumvi. Wenye nguvu walitoboa matuta na kupitisha mabomba wakaingiza maji ya chumvi kwa makusudi, na jirani mwenye mpunga hakuwa na la kusema. Mpunga ulikufa, ng'ombe wakakosa majani, na kibarua cha shambani kikapotea, kwa sababu bwawa la kamba halihitaji watu wengi.

Tarehe 25 Mei 2009 kimbunga Aila kilivunja matuta. Kisiwa cha Gabura, kilichozungukwa na mito Kholpetua na Kapotaksha, kilizama. Matuta yalichelewa kuzibwa, maji yakawa yanaingia na kutoka mara mbili kwa siku, na familia ziliishi juu ya tuta chini ya maturubai kwa zaidi ya mwaka. Amphan ilikuja Mei 2020, na Remal Mei 2024. Kila mara mabwawa ya kunywa, yanayojazwa na mvua, huingiwa na chumvi, na chumvi ikishaingia bwawani haitoki upesi.

Sisi watu wa pwani tunajua maji matamu ni nini. Nao Wabengali husema vivyo hivyo, mishti pani, maji matamu. Wakati wa kiangazi wanawake na wasichana huyafuata kwa miguu na mtungi kiunoni, wakapanga foleni, wakarudi na mtungi mmoja.

Tunachotaka kufanya ni hiki: matangi 20 ya lita 2,000. Familia ikitumia lita 10 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu, tangi moja linatosha siku 200, karibu kiangazi chote, Novemba hadi Mei. Nyumba za maskini zaidi zimeezekwa golpata, na paa la majani halikingi maji safi. Kwa hiyo kila tangi litakwenda na mabati, milizamu, na jukwaa la saruji la kuliinua juu ya mafuriko. Bajeti yetu ni pauni 250 kwa kila nyumba, jumla pauni 5,000. Tutaanza na wajane wa chui, halafu nyumba za Wamunda.

Tunaomba sadaka, si zaka. Baadhi ya familia hizo si Waislamu, na hatutaki mtu aulizwe dini yake mbele ya bomba la maji. Kwa anayetaka kumwekea mzazi wake sadaka jariya, hii hapa.

Mvua za masika ya kule huanza Juni, hivyo fedha zote ziwe zimekamilika mwisho wa Machi, mafundi wapate muda wa kufunga. Mweka hazina atakaa mlangoni kila Ijumaa baada ya swala na daftari la stakabadhi. Akina mama wataandaa maandazi, sambusa na biriani za kuuza Jumapili ya mwisho ya kila mwezi. Wenye sufuria kubwa tafadhali wajiandikishe. Hesabu itabandikwa ubaoni kila wiki, senti kwa senti. Hatutaandika jina la mtu yeyote juu ya matangi.