Vizibo vya soda vinafundisha Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Nafundisha Kiswahili Darasa la Pili hapa Pasua, Moshi, na nina ombi kwa wazazi na walimu wakuu. Vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022 vinafaa kuandalia somo, lakini kishikwambi kimoja hakiwezi kushikwa na darasa zima. Vizibo vya soda vinafika kila mkono.

Juu ya kizibo naandika silabi, si herufi moja moja, maana silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu na mtoto huzisikia upesi. Kikundi kikipata ka, li, ma na ta, kinaunda kali, mali, lima, kata, taka, na mwenye jicho kali anaunganisha kamata. Majuzi binti mmoja aliweka lika. Wenzake wakamkatalia, eti si neno. Akasimama: "Ugali mbichi hauliki, ulioiva unalika!" Huyo ni mtoto ambaye nikimwita kujibu ubaoni hunong'ona tu.

Wapo wanaonishauri tununue Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi. Seti ya Kiingereza ina vigae 100: E ziko 12, K ni moja tu, halafu kuna Q na X ambazo hatuzitumii. Mtoto akitaka kuandika kuku, lazima aazime kigae kitupu, kile kinachosimama badala ya herufi yoyote! Lugha yetu inastahili mchezo uliokatwa kwa kipimo chake.

Kwa upatanisho wa kisarufi natumia kadi za boksi. Mmoja anachomoa jina, mwingine anatafuta kiambishi: mgomba umeanguka, migomba imeanguka, embe limeanguka, maembe yameanguka. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa mtaani wanasikia "embe imeanguka" kila siku. Sikemei. Kikundi chenyewe kinarekebishana, na wanacheza tena na tena bila kuchoka, jambo ambalo zoezi la daftarini halijawahi kunipa.

Walimu wakuu, tupeni kipindi cha mchana kwa michezo hii, na mkisikia kelele msidhani darasa halina mwalimu. Wenye maduka Mbuyuni, msichome maboksi, tutayafuata. Wazazi, wapeni watoto vizibo, ila mgonge kingo kwanza kwa jiwe kwani hukata vidole. Vifuniko vya plastiki vya chupa za maji navyo tunavipokea, tena hivyo havikati.

Mwalimu wa Darasa la Pili,
Pasua, Moshi