Zimebaki siku 9

Morogoro, 9 Mei

Swahiba wangu,

Salaam nyingi. Tangu tuongee jana sijatulia. Uliniambia nguzo za umeme bado zimesimama pale unapotakiwa kuchimba, kijiko cha kuchimbia kimelala, leo siku ya 19, na mhandisi mshauri anakwambia tu, "Vumilia, tutayamaliza." Nikakuuliza kama umempa barua. Ukasema hutaki kuanza mradi kwa ugomvi.

Ndugu yangu, barua si ugomvi. Mkataba wako ni wa Kitabu Chekundu cha FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, yaani masharti yao ya mikataba ya ujenzi, toleo la 1999. Fungua kifungu 20.1 ukisome taratibu. Una siku 28, tangu ulipojua jambo au ulipopaswa kulijua, kumpa mhandisi taarifa kwa maandishi. Zikipita, huongezewi muda wala hulipwi, hata kama haki ni yako. Siku hizo hazihesabiwi tangu ulipochoka kusubiri. Zimebaki 9.

Taarifa yenyewe haihitaji hesabu za fedha. Ukurasa mmoja unatosha: nini kimetokea, tangu lini, na kwamba unakusudia kudai. Mchanganuo kamili na vielelezo utavipeleka ndani ya siku 42, nazo zinahesabiwa tangu siku ileile.

Halafu usichanganye mvua na nguzo. Masika yakipita kiasi yanakupa muda tu, fedha hakuna. Kucheleweshewa saiti, kifungu 2.1, kunakupa muda, gharama na faida juu yake. Ukiyaandika pamoja, watakwambia kilichokusimamisha ni mvua.

Nakwambia haya kwa uchungu. Kwenye lile daraja langu, michoro ya nondo ilichelewa wiki tano. Mafundi walikaa chini ya mwembe nami nikiwalipa. Daftari la saiti ninalo mpaka leo. Ukurasa mmoja una alama ya dole gumba la tope, na mkaguzi wa mwajiri, yaani mwenye mradi, amesaini chini ya maneno "michoro haijafika, mafundi 14 hawana kazi". Mwajiri mwenyewe hakubisha kwamba ilichelewa. Lakini barua yangu niliipeleka siku ya 41, kwa sababu na mimi nilikuwa nikivumilia. Dai likatupwa, kisha nikakatwa fidia ya ucheleweshaji kwa wiki zilezile. Mishahara ya mwisho niliilipa kwa kuuza pikapu.

Ni kweli, mhandisi akikataa kuna bodi ya migogoro, yenye siku 84 za kuamua, na baada yake usuluhishi. Lakini hata huko swali la kwanza utakaloulizwa ni tarehe ya taarifa yako.

Iandike usiku huu, kwa lugha ya heshima. Kesho ipeleke mwenyewe, nakala mbili, wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe kwenye nakala yako. Jumamosi nitakuja tukae na daftari lako la saiti, ukurasa kwa ukurasa.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi, wako wa siku zote.