Malalamiko kuhusu maelekezo ya kalamu zenu za kuchorea vitambaa

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Kwa Bwana/Bibi,

KUH: KALAMU ZA "KUFUTIKA" ZINAZOACHA MADOA

Sisi ni mafundi wa kwilti hapa Nairobi, yaani mafarishi ya vitambaa yaliyoshonwa yakiwa na tabaka la pamba ndani. Tunalalamikia pakiti yenu ya kalamu tatu za kuchorea ruwaza kwenye kitambaa: ya buluu, ya zambarau na nyeusi. Kalamu zenyewe hazina ubaya. Kinachoharibu kazi ni karatasi mliyoweka ndani, yenye agizo moja kwa kalamu zote: ukimaliza kushona, piga pasi ya moto na alama zitatoweka. Agizo hilo linaifaa ile nyeusi tu, na hata hiyo kwa masharti ambayo hamkuyaandika.

Hasara kubwa imetokana na ya buluu. Wino wake hutolewa kwa maji baridi. Ukipata joto kabla ya kusuuzwa, hubadilika rangi na kung'ang'ania nyuzi. Tumeambatisha kipande cha kaliko nyeupe kilichopigwa pasi kama mlivyoagiza. Mkiangalie karibu: mistari imekuwa ya rangi ya kutu, na kwenye kila kona ya ua lililochorwa, mahali kalamu inapotua kidogo kabla ya kugeuka, pana nukta nzito iliyopenya mpaka kwenye pamba ya ndani. Ukishafika hapo, kufua hakusaidii, na dawa ya klorini huzidisha tu umanjano.

Hivi ndivyo mlivyopaswa kueleza. Kwilti isiguswe na pasi wala kuachwa juani alama zikiwa bado zipo. Izamishwe yote kwenye beseni la maji baridi matupu, bila sabuni, kwa sababu sabuni ya unga nayo yaweza kuugandisha wino huo. Maji yabadilishwe mpaka yatoke safi, kisha ndipo ifuliwe kwa sabuni kama kawaida. Kunyunyizia maji juu ya mstari hakutoshi. Mstari utapotea machoni, lakini wino umesukumwa tu kwenye pamba, na kitambaa kikianza kukauka utapanda tena pamoja na unyevu. Mitaa mingi ya Nairobi hupata maji kwa mgao, na kuzamisha kwilti ya kitanda kikubwa mara kadhaa si jambo dogo. Mnunuzi ana haki ya kulijua hilo kabla hajalipa.

Ya zambarau hufutwa na hewa, kwa kawaida kati ya siku moja na tatu, na mapema zaidi kukiwa na unyevunyevu. Kwa hiyo haimfai mtu anayechora kwilti nzima leo ili aishone kwa wiki mbili. Inafaa sehemu itakayoshonwa siku hiyohiyo. Tena kutoonekana si kutoka. Dawa yake hubaki kwenye kitambaa, na sabuni yenye magadi inaweza kuirudisha rangi. Nayo isuuzwe kwa maji baridi kwanza, pasi baadaye.

Sasa nyeusi. Wino wake hupoteza rangi ukifika joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi, lakini hauondoki kwenye kitambaa. Ukipoa hadi nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi, mistari huanza kurudi. Nairobi haifiki baridi hiyo hata mwezi wa Julai, ndiyo sababu muuzaji wenu dukani anaweza kuapa kwamba hajawahi kuona tatizo. Basi na achore kipande cha kitambaa, akipige pasi, akilaze kwenye friza usiku kucha, kisha akitazame asubuhi. Baadhi ya kwilti za kitenge hununuliwa na watu wanaozipeleka Kanada au Marekani, na huko majira ya baridi hufanya kazi ya hiyo friza bila kuombwa. Kwenye vitambaa vya rangi nzito pana kasoro nyingine: pasi ikishapita, weusi huondoka na mstari mweupe hubaki. Kipande cha kitenge cha buluu iliyokolea tulichoambatisha kinaonyesha hivyo, na kukifua hakukubadilisha kitu.

Kwa kitenge cha namna hiyo, kipande chembamba cha sabuni nyeupe iliyokauka, au chaki ya fundi isiyo na nta, hufanya kazi vizuri kuliko kalamu zenu zote tatu. (Chaki ya nta huyeyuka chini ya pasi na kuacha doa la mafuta, lakini hiyo si bidhaa yenu.)

Tunaomba muondoe karatasi hiyo kwenye pakiti zilizo madukani na kuweka maelekezo ya kila kalamu peke yake, kwa Kiswahili na Kiingereza. Nje ya pakiti paandikwe kwamba kalamu ya buluu isipigwe pasi kabla ya kusuuzwa, na kwamba alama za nyeusi zinaweza kurudi kwenye baridi kali. Paandikwe pia kwamba kila kitambaa kijaribiwe kwanza kwenye kipande kisichohitajika, kwa hatua zote: kuchora, kusuuza, kukausha, kupiga pasi. Vilevile tunadai bei ya kalamu na gharama ya kaliko na pamba iliyoharibika, kulingana na nakala za risiti tulizoambatisha.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidi bidhaa kikamilifu, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa. Tusipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, tutawasilisha malalamiko haya kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, pamoja na vipande hivyo viwili.

Wenu waaminifu,
Mafundi wa kwilti, Nairobi